Mfuko Ambao Haukuwepo

Baba yangu aliwahi kupasua kichwa cha mbuzi na mbuzi akapona. Watu walioshuhudia wapo hai bado upande wa Kinna, na wakikutana naye humwuliza habari za yule mbuzi kama wanaulizia jamaa. Mfugaji yeyote wa kwetu anaujua ugonjwa wenyewe. Mbuzi huanza kuinamisha kichwa upande mmoja, halafu anazunguka, wenzake wamekwenda malishoni yeye bado anazunguka palepale. Ukimchinja na kufungua fuvu unakuta mfuko mweupe uliojaa maji, mkubwa kama yai la kuku, umekaa mahali palipopaswa kuwa na ubongo. Wengi humchinja mapema kabla hajakonda. Baba, wakati huo kijana, alimwonea huruma mmoja kwa sababu alikuwa mbuzi wa maziwa wa mama yake. Alibonyeza fuvu kwa kidole gumba mpaka akapata mahali ambapo mfupa umelainika, akapasua hapo kwa kisu alichokipitisha motoni, akauvuta mfuko polepole usije ukapasuka, akafunika jeraha kwa ngozi ileile. Yule mbuzi alizaa mara tatu baada ya hapo.

Naanza na mbuzi kwa sababu bila yeye hutaelewa jinsi baba alivyofurahi siku daktari alipotuambia kwamba ubongo wangu unapungua.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Isiolo. Ni kazi ya kujitafutia presha. Mtoto anaota kwa Kiborana, anacheza kwa Kisomali, anatukana kwa Kimeru, halafu anakuja mbele yangu saa mbili asubuhi kuniambia mbuzi yake imepotea. Nilisahihisha ngeli miaka kumi na minne, darasani, sokoni, hata msibani. Watu walikuwa wakiniona naja wanahamia lugha nyingine. Nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa.

Ugonjwa ulianzia jicho la kulia. Liliuma kila nilipolizungusha, kisha likafunikwa na ukungu. Kliniki ya kwanza walisema ni brusela, maana Isiolo mtu asiyejulikana anaugua nini huwa ana brusela. Tunakunywa maziwa ya ngamia bila kuchemsha na kila daktari anayehamishiwa huku huambiwa hivyo kabla hajafungua begi. Nikameza vidonge wiki sita. Jicho likarudi lenyewe, nami nikawashukuru kwa moyo wote. Mwaka uliofuata nilipata ganzi kutoka nyayo mpaka kiunoni, nikapewa brusela tena. Mwaka wa tatu nikaanguka darasani, chaki mkononi, mbele ya watoto hamsini na wawili, na hapo ndipo mume wangu alipokasirika akanipeleka Nairobi. Niliingizwa ndani ya mashine inayogonga kama fundi wa mabati. Nikatoka na ugonjwa wenye jina refu la Kizungu ambalo kwa kifupi wanaliita MS.

Nilivyoelezwa, kinga ya mwili inakosea adui. Inaishambulia mishipa ya fahamu ya mwili huohuo, inaimenya ganda lake la nje, na habari inayotoka kichwani kwenda mguuni inafika imechelewa au haifiki kabisa. Zipo dawa za kupunguza mwendo wake. Dawa ya kurudisha kilichokwenda haipo. Daktari alisema ugonjwa huu hauonekani sana kwa watu wa kwetu, na sijui kwa nini watu huliona jambo hilo kuwa faraja. Mimi nililiona kama dharau.

Mume wangu anafanya kazi Moyale na huja mwisho wa mwezi. Sina la kumlaumu, na nimejaribu kulitafuta. Binti yetu wa pekee alikuwa bado shule ya upili. Kwa hiyo baba, ambaye mama alikuwa amemwacha mgane mwaka mmoja kabla, aliliacha shamba lake la Rapsu mikononi mwa jirani akaja kukaa nasi mtaa wa Kiwanjani. Alikuja na mkeka, birika na redio. Alisema amekuja kwa muda mfupi.

Sitaki kusimulia miaka ile yote. Inachosha na mingine sinayo. Binti yangu amenisaidia kuipanga. Kwanza ilikuwa fimbo, halafu fimbo mbili, halafu kiti cha magurudumu. Joto la Isiolo lilikuwa adui wa pili: asubuhi naweza kusimama, ikifika saa sita mchana miguu inalala kama imelishwa dawa ya usingizi. Lakini miguu niliizoea. Kilichonitisha ni mambo madogo ya kichwani. Nilisimama mbele ya ubao nikatafuta neno "ubao" nisilipate. Nilianza sentensi vizuri, nikifika katikati nikajikuta nimesimama peke yangu. Mwalimu mkuu alivumilia muhula mzima, halafu akaniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe, akaniomba nipumzike. Alilia yeye kabla yangu, jambo ambalo lilinikera sana.

Mwaka wa nne tangu nipewe jina la ugonjwa nikapigwa picha nyingine ya kichwa, na safari hii baba alikuja nami. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeamsha mtoto. Aliweka picha mbili kwenye kompyuta, ya zamani na mpya. Hata asiyesoma angeona. Katika ile ya zamani ubongo ulijaa fuvu mpaka ukingoni. Katika mpya ulikuwa umejivuta ndani, mikunjo imeachana, na katikati kumefunguka weusi mkubwa. Alisema ubongo wa kila mtu hupungua kadiri anavyozeeka, ila wangu unapungua kwa haraka mno, na ndiyo sababu ya miguu na ya kusahau. Nikamwuliza ule weusi ni nini. Akasema ni maji; palipopungua ubongo maji hujaza nafasi.

Baba alikuwa akivuta tasbihi pembeni kama mtu asiyesikiliza. Kusikia neno maji, akainua kichwa.

"Daktari," akamwambia kwa Kiswahili chake, "hiyo maji iko ndani ya mfuko ama iko tu?"

Daktari hakumwelewa. Akamjibu kwa heshima kwamba ni maji tu ya kawaida, kila mtu anayo. Baba akatikisa kichwa kama fundi anayesikiliza mwanagenzi. Akaniuliza kwa Kiborana kama msichana huyu amewahi kuona kichwa kilichofunguliwa. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, lakini uso ulikuwa umebadilika. Tangu mama afariki sikuwa nimemwona amekaa wima namna ile. Alikuwa ameyajua maradhi yangu. Miaka minne yote yalikuwa kitu cha Wazungu chenye herufi mbili, na sasa yalikuwa kitu ambacho aliwahi kukishika kwa mikono yake akakitoa.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri alinikalisha uani kwenye kivuli cha tangi la maji, akanivua mtandio mwenyewe. Hakuwa amegusa nywele zangu tangu nikiwa mtoto. Akaanza kunibonyeza kichwa kwa vidole gumba vyote viwili, polepole, kutoka kipajini kwenda nyuma, akisimama kila mahali kusikiliza. Alitafuta palipolainika. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vilinukia tumbaku. Binti yangu alikuwa akifua karibu, akaacha kufua.

"Bado," akasema mwishowe. "Mfupa wako mgumu kama wa mama yako."

Nilicheka. Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia kwamba hakuna mfuko, kwamba yale maji hayajasukuma kitu, yamekalia tu nafasi iliyoachwa, na ukiyatoa hutapata chochote chini yake. Nilikuwa na maneno hayo yote siku ile; nilikuwa mwalimu, kueleza ndiyo kazi yangu. Badala yake nilimwambia siku hizi hawapasui, kuna dawa inayoingizwa mshipani kila miezi sita, inaukausha mfuko ndani kwa ndani. Dawa ilikuwepo kweli. Nilikuwa nimeanza kuwekewa. Uongo ulikuwa ni ule mfuko tu. Na niseme ukweli wangu, nami nilitaka kuwa mbuzi aliyepona.

Basi nikawa nimejitwika mzigo. Kila nilipotoka Nairobi alinisubiri langoni, na hata kabla ya kuniuliza kama nimekula alikuwa akiniuliza mfuko umefikia wapi. Nikampa vipimo. Kutoka yai la kuku nikaushusha ukawa ndimu. Kutoka ndimu ukawa kama tende. "Alhamdulillahi," alikuwa akisema, na jioni ileile habari ilikuwa imefika msikitini. Wanawake walikuja na vibuyu vya maziwa kunipongeza, wakinikuta kwenye kiti cha magurudumu, miguu imevimba, mkono wa kushoto umeanza kukunjika, nami nikipongezwa nikisema ahsante.

Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na amepata nafasi chuoni Meru. Nyumba yetu ina ngazi mbili mlangoni. Kila nilipotaka kutoka kwenda uani alinibeba mgongoni, na kila nilipotaka kurudi vilevile. Mgongo wake ulianza kumuuma akiwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu akaagiza fundi aje avunje zile ngazi, amwage saruji ya mteremko ili kiti kipite, na apanue mlango wa choo. Baba alimfukuza fundi na mfuko wake wa saruji. Alisema ya nini kuharibu nyumba ya watu wakati mwaka hautaisha kabla sijatembea. Fundi alinitazama kwenye kiti, akamtazama baba, akaondoka.

Siku hiyo uongo wangu ulinikera kwa mara ya kwanza kama kitu chenye uzito. Binti hangeweza kwenda chuo akaniacha nyuma ya ngazi mbili. Niliamua kumwambia baba ukweli Ijumaa akitoka msikitini. Ijumaa ile, ninavyoikumbuka mimi, ilipita bila neno. Nilishindwa. Lakini siku chache baadaye nikaamshwa na sauti ya nyundo, fundi amerudi, anavunja ngazi. Nikajua mume wangu amempigia baba simu akamshinda kwa adabu zake zote. Nikaona nimeepushwa na mtihani. Mteremko ukakauka, binti akaenda chuo, mama mmoja wa jirani akawa anakuja asubuhi kuniogesha, nami nikaendelea na vipimo vyangu. Tende ikawa punje ya mahindi.

"Alhamdulillahi," baba akasema.

Hivyo hivyo ukapita mwaka, na zaidi. Mwezi wa nane uliopita nilikwenda Nairobi nikarudi na habari nisizoweza kuzipunguza. Daktari alisema ubongo umeendelea kupungua pamoja na dawa. Alianza kuzungumzia mambo ya kumeza chakula, na nani atanitilia sahihi siku nitakaposhindwa. Alikuwa akizungumza na mume wangu zaidi kuliko mimi. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemwuliza swali moja mara mbili.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa langoni. Akaniuliza, kama kawaida, mfuko umefikia wapi. Nikamwomba anisukume mpaka kwenye kivuli, nikamwambia. Nilimwambia hakuna mfuko na haujawahi kuwepo. Nilimwambia ubongo unakwisha na maji yanafuata nyuma yake, kwamba sitatembea tena, kwamba siku moja huenda nisimjue yeye. Nililia mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, na yeye akainuka, akaniwekea mkono kichwani, akausahau hapo. "Mungu ndiye ajuaye," akasema. Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Hakuniuliza chochote.

Nitasema kitu cha aibu: nilijisikia vizuri. Nilijisikia mwepesi, mtu mzima, mkweli. Baada ya swala ya alasiri binti, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa akichuja chai jikoni, nikajisukuma mpaka mlangoni nikamwambia kwamba leo nimefanya jambo gumu kuliko yote. Leo nimemwambia babu yake ukweli.

Aliweka sufuria chini.

"Mama," akasema, "hii ni mara ya nne."

Nilimwita mwongo. Nilimwambia chuo kimemfundisha kukosa adabu, na maneno mengine ambayo natumaini nimemwomba radhi. Alisimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanihesabia. Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa ile. Nilimwambia babu yake uani, nikalia, na kesho yake alfajiri mzee mwenyewe alitoka kwa miguu akamtafuta fundi mpaka Chechelesi akamrudisha. Mara ya pili ilikuwa Idi, mbele ya wageni, na wageni wakaondoka mapema. Mara ya tatu ilikuwa kwa simu, wakati babu amekwenda Rapsu kuvuna. Aliacha mahindi yakiwa yamesimama shambani akarudi siku hiyohiyo.

Ile Idi naikumbuka. Nakumbuka pilau ilizidi chumvi na nakumbuka nani alikaa wapi. Kurudi kwake kutoka Rapsu nako nakumbuka, maana nilimgombeza kwa kuwaachia nyani mahindi, na alinitazama tu. Nilipekua kichwani nikitafuta yale mengine, kama mtu anayepapasa mfuko wa kanzu akijua ameweka kitu humo. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa hata na alama kwamba kuna kitu kiliwahi kuwepo. Na baada ya kila mara, binti akaniambia, siku mbili tatu zikipita nilianza upya: mfuko umepungua, Abba, daktari amefurahi. Na kila mara babu akasema alhamdulillahi.

Nikashuka kwenye mteremko peke yangu, breki mkononi. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka wake na redio imezimwa. Nilimwuliza kama ni kweli nilikuwa nimemwambia kabla ya leo. Akasema ni kweli.

"Na nilipokudanganya tena, Abba, mbona hukunizuia?"

Baba hana mazoea ya kujieleza. Ni mtu wa kutenda halafu ukaona.

"Ukiniambia ukweli unalia mpaka pumzi inakatika," akasema. "Ukinidanganya unacheka, na siku hiyo unakula. Mimi ni baba yako. Ulitaka nichague nini?"

Nilimfikiria akiusikia ukweli mara nne, mara nne kama mgeni kwake, kwa sababu kwangu ulikuwa mgeni. Nilimfikiria pia akiupokea uongo, akiuliza mwenyewe mfuko umefikia wapi, langoni, kabla sijala, ili nipate nafasi ya kusema umepungua. Nilishika mkono wake nikamwahidi kwamba kuanzia leo hakuna tena kufichana. Nitayaandika haya yote, nilimwambia, na binti atanisomea, na wewe ukiona nimeanza kukupa vipimo nisimamishe palepale. Akaitikia kwa kichwa, vizuri, kwa subira, jinsi mtu mzima anavyomwitikia mtoto anayemweleza mchezo anaoujua.

Kuitikia kwake namna ile ndiko kulikonitia hofu. Nikamwuliza kama mazungumzo haya nayo tumewahi kuwa nayo.

Aliinuka akaanza kutafuta birika la kutawadha, na jua lilikuwa juu bado, swala ya magharibi iko mbali.